Kihariri cha Bi Mkubwa

Kazini walimwita Chapuchapu kabla hata hajamaliza wiki yake ya kwanza, kwa sababu alitembea kama anayekimbiza basi na alijibu swali kabla hujalimaliza. Kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta za kituo cha kusukuma maji: seva moja ya zamani ndani ya chumba chenye feni, skrini mbili, na ratiba inayowasha na kuzima pampu kubwa zinazopeleka maji kwenye nyumba za mlimani. Hakuwa mgeni wa mambo hayo. Alishafanya kazi kama hiyo kwenye kampuni ya mabasi, na kabla ya hapo hospitalini. Kilichomkosesha raha ni kiti. Kiti alichokalia kilikuwa cha mama mkwe wake.

Mama mkwe huyo aliitwa Bi Mkubwa, nyumbani na kazini vilevile. Ndiye aliyeisimika ile seva akiwa bado hana mvi hata moja, akaitunza mpaka alipostaafu. Nafasi ilipotangazwa, Chapuchapu aliomba kama wengine, akafanyiwa usaili kama wengine, akapita. Lakini watu wana midomo. Siku moja kwenye korido alisikia mtu akisema kazi siku hizi zinarithiwa kama mashamba. Hakugeuka kumtazama. Alijiapiza tu moyoni kwamba, liwe liwalo, hatamuuliza mama mkwe wake swali hata moja linalohusu kazi.

Kwa hiyo makabidhiano yalikwisha upesi. Bi Mkubwa alimpa nenosiri na funguo, akamwonyesha feni ambayo hugoma mpaka ipigwe kofi, kisha akasimama mlangoni huku amekumbatia mkoba wake.

"Ukikwama, mwanangu, mimi niko nyumbani."

"Sitakwama, Mama."

"Haya," Bi Mkubwa alisema, akaondoka bila kugeuka.

Nyumbani, maana waliishi nyumba moja, Bi Mkubwa hakukalika. Alikuwa mtu aliyezoea kuamshwa na simu za kazini, na sasa simu haikulia. Alihamisha masufuria kutoka kabati la chini kwenda la juu. Alipanga upya nguo za mwanawe kana kwamba bado ni mtoto wa shule. Siku moja Chapuchapu alitafuta chumvi mpaka mboga ikaungua, akaikuta kwenye kopo la sukari, na sukari ikiwa imehamia kwenye mtungi.

"Hivi ndivyo inavyotakiwa," Bi Mkubwa alieleza. "Chumvi inachukuliwa mara nyingi zaidi, kwa hiyo ikae kwenye kopo lenye mdomo mpana."

Chapuchapu alirudi kukwangua mboga iliyoungua. Mumewe, mwalimu wa hesabu ambaye kila jioni alikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha, aliinua macho, akamtazama mama yake, akamtazama mkewe, akarudi kwenye hesabu zake. Huko angalau kila swali lilikuwa na jibu moja.

Kazini nako mkono wa Bi Mkubwa ulikuwa kila mahali. Seva aliipa jina la Bibi. Mashine ya kuchapa aliiita Mvivu. Na kila Chapuchapu alipofungua lile dirisha jeusi la amri ili abadilishe ratiba ya pampu, mashine ilimfungulia kihariri kilekile alichokichagua mama mkwe wake zamani.

Kihariri ni programu ya kuandikia, basi. Ukiiambia mashine unataka kubadilisha faili, inakufungulia kihariri kilichowekwa kuwa chaguo-msingi, unaandika, unahifadhi, unatoka. Lakini hiki kilikuwa cha wazee wa kazi. Ukibonyeza herufi, haiandiki. Herufi yenyewe ni amri. Moja inafuta, nyingine inashuka mstari, nyingine inarudia ulichofanya. Ili uandike neno lazima kwanza ubonyeze herufi ya kuomba ruhusa, na ukimaliza ubonyeze kitufe cha kuirudisha ile ruhusa. Chapuchapu alikijua. Alikijua kama mtu anavyomjua ndugu fulani ambaye akimwona harusini anazunguka nyuma ya hema. Vidole vyake vilikuwa na haraka. Vilikimbilia kuandika kabla ya kuomba ruhusa, akishtuka mstari mzima umetoweka. Halafu kilikuwa kizito kufunga. Ukishahifadhi, mashine ilikaa kimya kidogo, kama inayovuta pumzi, ndipo ikakurudisha kwenye dirisha. Chapuchapu alidhani ni uzee.

Siku iliyomchosha ni ile meneja alipokuja kusimama nyuma yake. Watu wa mlimani walikuwa wanalalamika kwamba maji huwafikia wakati wameshatoka kwenda makazini, kwa hiyo meneja alitaka pampu ya pili iwashwe mapema zaidi. Kazi ya kubadilisha tarakimu mbili tu. Chapuchapu akafungua ratiba, vidole vikatangulia, mashine ikalia, mistari ikaruka, akarudi nyuma, akafungua upya. Meneja alikuwa anachezesha funguo za gari mfukoni.

"Bi Mkubwa alikuwa anafanya hii huku anakunywa chai," alisema. Wala hakusema kwa ubaya.

Chapuchapu alihisi shingo ikipata moto. "Niachie. Itakuwa tayari kabla hujafika ofisini kwako."

Mlango ulipofungwa, aliacha ratiba kama ilivyo na kufungua faili la mipangilio ya lile dirisha. Alishuka mstari baada ya mstari, goti likicheza chini ya meza, mpaka akakiona alichokuwa anakitafuta. Mstari mmoja mfupi: neno EDITOR, yaani kihariri, alama ya sawa, na njia iliyoishia kwenye neno "jicho".

Jicho. Alitabasamu kwa uchungu. Bibi, Mvivu, na sasa Jicho. Mama huyu angeweza kulibatiza hata vumbi. Alidhani ni jina tu la utani la kile kihariri cha kale. Alifuta mstari ule na mahali pake akaandika:

export EDITOR=nano

Akahifadhi, akaiamuru mashine isome mipangilio upya, akafungua ratiba tena. Safari hii kilifunguka nano, kihariri chepesi, na amri zake zote zimepangwa chini ya skrini kama bidhaa kwenye meza. Alibonyeza herufi, herufi ikaandikwa. Tu. Alivuta pumzi iliyomfika mpaka tumboni. Aliipeleka pampu ya pili alfajiri, kwenye saa ileile ya pampu ya kwanza, akahifadhi, akatoka. Hapakuwa na ule ukimya wa kuvuta pumzi. Mashine ilimrudisha papo hapo.

"Umeona?" aliiambia seva. "Kumbe unaweza."

Jioni ile nyumbani alikuwa mchangamfu mpaka mumewe akamuuliza kama amepandishwa cheo.

Kesho yake asubuhi Chapuchapu alikuwa bado anapiga mswaki bomba lilipokohoa. Lilitema maji kidogo, likapiga mluzi, likanyamaza. Nyumba yao ilikuwa miongoni mwa zile za mlimani. Alisimama na povu mdomoni akitazama bomba, na nyuma yake akasikia ndara za Bi Mkubwa zikija kwa kasi.

"Huo si mgao," Bi Mkubwa alisema. Aliweka sikio karibu na ukuta penye bomba. "Mgao unapungua taratibu. Hii imekatwa ghafla. Pampu zimelala."

"Nitaangalia nikifika, Mama."

"Umebadilisha nini jana?"

"Nitaangalia nikifika."

Hakunywa chai. Njiani aliwaona majirani wametoka na ndoo mikononi, wakiulizana, na kila aliyemtazama alihisi anamlaumu yeye. Simu yake ilianza kuita kabla hajafika getini.

Fundi umeme wa zamu alikuwa amekaa kwenye ngazi za chumba cha pampu, mikono imejaa masizi. Alimweleza bila kupandisha sauti. Alfajiri pampu mbili kubwa ziliamka kwa pamoja. Moja ikiamka inavuta umeme mwingi kwa dakika ya kwanza. Zote mbili zikiamka pamoja, ni kuzidiwa. Swichi kuu iliruka, na kabla haijaruka umeme ulikuwa umechoma kifaa cha kuwashia pampu ya pili. Sasa anasubiri kingine kutoka ghala, maana pampu moja peke yake haifikishi maji mlimani.

"Ratiba imeziamsha pamoja," fundi alisema. "Sijui imekuwaje. Miaka yote hiyo haijawahi."

Chapuchapu aliingia kwenye chumba cha seva, akafunga mlango, akasimama. Akakaa. Akasimama tena. Aliifungua ratiba, na saa zile mbili zilikuwa pale, moja chini ya nyingine, zimefanana kama mapacha. Yeye ndiye aliyeziandika. Hilo halikumchanganya. Kilichomchanganya ni jambo jingine: miaka yote hiyo watu wamebadilisha ratiba hii wakiwa na usingizi, wakiwa na homa, wakiwa wanakunywa chai, na hakuna aliyewahi kukosea hivi?

Alikuwa bado anazunguka kile chumba, hatua chache kwenda na hatua chache kurudi, mlango uliposukumwa. Bi Mkubwa alikuwa na ndara za nyumbani na nguo aliyofulia. Mlinzi wa getini hakumuuliza kitambulisho; alimfungulia kwa mazoea, kama alivyofanya kila asubuhi kwa muda mrefu. Bila salamu, Bi Mkubwa alivuta kiti, akakaa, akaweka vidole kwenye kibodi na kuifungua ratiba.

Vidole vilikimbia. Kisha vikasimama. Kwenye skrini, katikati ya saa za pampu, kulikuwa na msururu wa herufi zisizo na maana: jjjj, dd, nukta pacha. Kila amri aliyoibonyeza ilikuwa imeandikwa kama maneno ndani ya ratiba.

"Umeifanya nini mashine yangu?"

"Nimebadilisha kihariri." Chapuchapu alinyoosha mkono juu ya bega la mama mkwe wake, akatoka kwenye faili bila kuhifadhi. Kisha akasema jambo ambalo lilikuwa limemkaa kooni tangu siku ya makabidhiano. "Na si mashine yako tena, Mama."

Feni ilizunguka. Bi Mkubwa alitoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani kama mgeni.

"Kweli," alisema. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na Jicho umelipeleka wapi?"

"Nimelifuta. Mstari wake. Si lilikuwa jina la kile kihariri chako?"

Bi Mkubwa alifumba macho. "Jicho si kihariri, mwanangu. Jicho ni programu ndogo niliyoiandika mwenyewe. Inakufungulia kihariri, inakusubiri umalize, halafu kabla haijapokea ratiba yako inaikagua. Ukikosea inakurudisha. Niliificha mahali pa kihariri ili mtu yeyote asiweze kuiruka."

Ule ukimya. Ile pumzi aliyodhani ni uzee. Chapuchapu alijishika kwenye ukingo wa meza.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua utauliza."

"Nami nilijua, kama kuna jambo, utaniambia."

Walitazamana. Bi Mkubwa ndiye aliyeshusha macho kwanza. Alichezea uzi uliochomoza kwenye nguo yake, akauvuta mpaka ukakatika.

"Huo ni uongo kidogo," alisema. "Siku ile nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema, ngoja, akikwama atanipigia. Nilitaka unipigie. Nimekaa pale nyumbani naiangalia simu kama mgonjwa anayesubiri daktari, wewe unaingia, unakula, unalala. Ningefanya nini? Nikahamisha masufuria."

Chapuchapu alitaka kucheka na alitaka kulia, na hakuwa na muda wa kufanya lolote, maana meneja aliingia akiwa na simu mbili, zote zikiita. Alikuwa ametuma gari la maji kwenye zahanati ya mlimani. Alitaka kujua kilichotokea, na alitaka kujua sasa hivi.

"Mimi ndiye niliyebadilisha ratiba," Chapuchapu alisema. "Na niliondoa ukaguzi bila kujua kwamba ni ukaguzi."

"Mimi ndiye sikumwambia kwamba upo," Bi Mkubwa alisema.

Meneja aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. "Basi mmeshapatana. Maji yanarudi lini?"

Maji yalirudi mchana jua likiwa limekwisha geuka, fundi umeme alipofunga kile kifaa kipya. Mpaka wakati huo wanawake hao wawili hawakutoka kwenye kile chumba. Chapuchapu alikuwa amelifungua faili la Jicho, ambalo kumbe lilikuwa bado lipo palepale, halikuguswa, limekosa tu wa kuliita. Alilisoma huku mkono umeziba mdomo. Bi Mkubwa alikuwa ameandika majibu ya kila kosa kwa lugha yake mwenyewe. "Hapana. Pampu hizi mbili haziamshwi pamoja. Rudi." "Umesahau kufungua valvu. Unataka kupasua bomba?" "Saa ishirini na sita haipo duniani. Kapumzike, urudi kesho." Ilikuwa kama kukaa naye jikoni.

"Nirudishe ule mstari kama ulivyokuwa?" Bi Mkubwa aliuliza, mikono bado mapajani.

"Hapana, Mama."

"Hapana?"

"Jicho libaki. Lakini lisikae ndani ya kihariri. Mtu akibadilisha kihariri, Jicho linaondoka nacho, na ndicho kilichotokea. Tuliweke mlangoni, mahali ratiba inapopokelewa. Andika na kihariri chochote unachotaka, kikongwe au cha watoto, mlangoni utakaguliwa tu."

Bi Mkubwa alikunja uso. Alilitafuta kosa la wazo lile. Ilionekana kabisa analitafuta. Aliinuka, akatembea hadi kwenye feni, akaipiga kofi ingawa ilikuwa inazunguka vizuri, akarudi.

"Na ukaguzi ukikataa, maandishi ya mtu yasipotee," alisema hatimaye. "Yarudishwe kwake ayarekebishe. Mtu akipoteza alichoandika anakuwa na hasira, na mwenye hasira anatafuta njia ya kuzunguka."

"Kama mimi."

"Kama wewe."

Walifanya hivyo. Chapuchapu aliandika, na Bi Mkubwa alisema. Kuna wakati Bi Mkubwa alishindwa kuvumilia akanyoosha mkono kwenye kibodi, akaurudisha mwenyewe. Walipomaliza, Chapuchapu aliandika kwa makusudi saa zile mbili zinazofanana, akahifadhi. Mashine ilivuta ile pumzi yake, kisha likaja jibu: Hapana. Akazitenganisha kwa robo saa, ikakubali.

Jioni mumewe alikuta ndoo zimejaa na mke na mama wamekaa meza moja, wamechoka, hawasemezani, lakini si kwa ubaya. Alisimama mlangoni na madaftari yake kwapani.

"Nimesikia mtaani mmetunyima maji," alisema. "Niambieni niwe upande gani."

"Kaa ule," mama yake akasema.

Wiki iliyofuata meneja alimpigia simu Bi Mkubwa. Ile simu aliyoingoja siku zote ililia akiwa anaanika nguo, akaiacha iite mara kadhaa kabla ya kupokea. Meneja alimwomba awe anakuja asubuhi mbili kwa wiki, kama mshauri, na malipo yangekuwepo. Chapuchapu alikuwa jikoni na alisikia kila neno kupitia dirishani. Kisu kilisimama juu ya kitunguu. Hakujua anataka jibu gani.

"Nashukuru," Bi Mkubwa alisema. "Lakini hapana. Nikirudi nitakuwa namchungulia mtoto begani, na yeye atakuwa anasubiri niondoke. Ana akili. Mwacheni akae."

Alikata simu, akamalizia kuanika. Kisha akaingia chumbani, na Chapuchapu akasikia sanduku likiburutwa kutoka chini ya kitanda.

Bi Mkubwa alikuwa na mdogo wake katika mji mwingine, mjane mwenye kipande cha shamba na mbuzi wasiosikia. Alikuwa amemwita mara nyingi, na mara zote Bi Mkubwa alisema kazi. Sasa hakuwa na kisingizio. Chapuchapu alimsindikiza mpaka stendi, akambebea sanduku, akamtafutia kiti cha dirishani, akashuka, akapanda tena kumnunulia maji, akashuka.

"Tulia," Bi Mkubwa alimwambia kupitia dirisha. "Unanichosha hata sijaondoka."

"Utarudi lini, Mama?"

"Nikichoka na mbuzi."

Basi lilipoondoka, Chapuchapu alihisi wepesi kifuani, na ndani ya wepesi ule hofu, kama mtu aliyeondolewa mzigo akagundua kwamba ndio uliokuwa unamshikilia chini. Kazini aliangalia ratiba, akaiangalia tena bila sababu. Alikwenda kwenye chumba cha pampu, akasimama hapo mpaka fundi umeme akamuuliza kama amepoteza kitu. Jioni, nyumba ilikuwa na nafasi nyingi mno. Mumewe alisahihisha madaftari. Yeye alifuta meza iliyokuwa safi.

Mwishowe alichukua simu. Ilipokelewa haraka, na nyuma ya sauti ya Bi Mkubwa kulikuwa na kelele za mbuzi na mtu anayewafukuza.

"Kuna nini? Pampu?"

"Hapana, Mama. Hakuna kitu. Nimepiga tu."

Kisha Bi Mkubwa akaanza kueleza jinsi mbuzi walivyoingia kwenye nyanya, jinsi mdogo wake anavyofunga lango kwa kamba iliyooza, jinsi alivyomwambia kesho asubuhi watatafuta waya na mdogo wake akamjibu kwamba lango ni lake. Chapuchapu aliuliza kamba ilifungwaje. Akauliza nyanya ngapi zimepona. Waliongea mpaka simu ikaanza kulia kwamba chaji inaisha, na hawakutaja maji hata mara moja.

Alipokata simu alijikuta nje, mbali na mlango, viatu vimejaa vumbi. Wakati wote ule alikuwa anauzunguka ua.